Ubavu wa Kikoti

Siku Atilio Kikoti alipomvua Gaudensia Komba barakoa kwenye foleni ya uji, watu walicheka mpaka uji ukapoa. Alimjia kwa nyuma akinyata, akaikwapua, akaivaa mwenyewe juu ya mdomo wake mpana, kisha akalizunguka bwalo zima amejishika kiuno, akisema kwa sauti nyembamba ya kike kwamba yeye ni Mngoni, amesikia harufu ya panya, jikoni kuna nini leo. Gaudensia alimkimbiza na mwiko. Kolumba Ngonyani, aliyekaa chumba kimoja na Gaudensia na aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alipaza sauti kwamba wenye mbwa wawafungie ndani, Mhehe kaingia. Mwisho Gaudensia aliikomboa barakoa yake kwa kipande cha kiazi, akaivaa ikiwa bado na joto la Kikoti, na foleni ikasonga.

Hakuna aliyeona ubaya. Utani wa Wangoni na Wahehe ni wa tangu mababu walipochoka kupigana wakaamua kuchekana, Wangoni wakiitwa wala panya na Wahehe wala mbwa. Mtani akichukua kitu chako huna haki ya kununa. Akikutukana, unamrudishia tusi kubwa zaidi. Ukifa, yeye ndiye anayekuja kulichezea jeneza lako, na waliofiwa humcheka huku machozi yakiwatoka. Neno la mtani halishikwi, hasa la msibani, na hakuna baraza lililowahi kulipokea. Pale Chuo cha Mabwawa, juu kidogo ya mji wa Songea, ambako Wangoni walikuwa wengi na Wahehe wachache lakini wenye midomo, utani ulikuwa umejizalia mchezo mpya kutokana na homa ya unga iliyowavisha watu wote barakoa: kuvuana barakoa na kuivaa. Kwingine kote nchini, kuvaa barakoa ya mtu ilikuwa kama kuazima mswaki wake. Pale ilikuwa adabu ya watani.

Tuseme ukweli, vijana wale walikuwa wameizoea barakoa kama mtu anavyomzoea shemeji asiyempenda: yupo nyumbani, anasalimiwa, lakini hakuna anayemsikiliza. Wapo walioivaa kidevuni. Wapo walioining'iniza kwenye sikio moja, wakaonekana maridadi. Mwalimu akitokea kwenye kona ya karakana waliipandisha, akipita waliishusha. Ukiwauliza, walikujibu kwamba homa ya unga ni ugonjwa wa wazee. Hawakusema uongo wote. Kijana akiipata hupiga chafya siku mbili, akapona, akaendelea na mambo yake. Waliokufa walikuwa mabibi na mababu huko vijijini, mapafu yao yakionekana kwenye picha kama yaliyonyunyiziwa unga wa sembe, na vijana walipelekewa habari wakiwa darasani. Mara moja moja sana homa ilimpiga kijana mwenzao kwa nguvu ileile ya kumpiga mzee, na hakuna aliyejua ni kwa nini. Kila mmoja alijua tu kwamba si yeye.

Barakoa zenyewe hazikuwa vitambaa. Ndani ya kila moja mlikuwa na utando hai, ukungu mwembamba kama ule unaoota juu ya mkate uliosahaulika, uliokuzwa kwa mate ya mwenyewe siku alipoandikishwa. Uliishi kwa mvuke wa pumzi na kula vijidudu vilivyojaribu kupita. Baada ya wiki chache uliijua pumzi ya bwana wake, na pumzi ya mtu mwingine ikiugusa uliota kovu mahali pale. Kila mtu alikuwa na kovu lake, lisilofanana na la mwingine. Ndiyo maana mtu akiugua, zahanati haikuanza na damu wala mkojo. Ilianza na barakoa. Barakoa ilisomwa, jina likatajwa, na aliyetajwa akalazwa ubavu.

Kolumba alijua maana ya kulazwa ubavu kuliko wenzake wote, kwa sababu kaka yake Otmari alishalazwa. Mashine ile, ambayo watu waliiita Ubavu, ilikuwa kitanda cha watu wawili chenye mirija katikati. Mgonjwa alilala upande mmoja, aliyetajwa upande wa pili, wakachomwa dawa ya kupatanisha damu. Kisha damu ya mgonjwa ilipitishwa kwenye mapafu ya yule mzima, ikapata hewa humo, ikarudishwa kwa mwenyewe. Uliyemnyima pumzi mpe yako, ndivyo sheria ilivyosema. Ilisikika kama haki, na watunga sheria hupenda sana kitu kinachosikika kama haki. Wengine waliinuka wazima. Wengine hawakuinuka. Otmari, aliyekuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya parokia, aliinuka na kifua cha mzee, na sasa hata moto wa jiko la mkaa alipuliziwa na mama yake. Kolumba alikuwa amemkuta siku moja ameshika tarumbeta mdomoni bila kupuliza, amekaa tu. Hakuisahau sura ile.

*

Mwezi wa sita Songea ina baridi ya kung'ata. Kolumba alikwenda nyumbani kumwona bibi yake, aliyekuwa akikohoa tangu juma lililotangulia, akarudi chuoni na dagaa wa Nyasa waliokaangwa vizuri, kwenye kopo la majarini. Gaudensia alisonga ugali kwa jiko la umeme lililokatazwa bwenini. Wakafunga dirisha kwa sababu ya upepo, wakazitupa barakoa kitandani, wakala sahani moja kama walivyozoea. Walikaa hivyo mpaka ugali ukaisha na hadithi zikaisha. Gaudensia alilamba vidole akasema kwamba siku akiolewa atamwomba bibi yake Kolumba amkaangie dagaa wa harusi nzima.

Siku ya pili yake Kolumba aliamka na koo linalowasha. Kila mwanafunzi alikuwa na pakiti ya vijiti vya mate vya kupimia homa. Aliweka kimoja chini ya ulimi, akakitoa, kikawa cha bluu.

Alichopaswa kufanya kilikuwa chepesi. Alitakiwa akipeleke kijiti kwa mlezi wa bweni, akae wiki moja kwenye chumba cha pekee, na Gaudensia naye achomwe sindano ya kinga mapema, kabla unga haujaingia mapafuni. Hakuna ambaye angemlaza ubavu kwa sababu hiyo, kwani aliyejitaja mwenyewe kabla ya mtu kuugua hakuwa na kosa. Lakini Kolumba alikiangalia kile kijiti na asione wiki moja wala sindano. Aliona kaka yake na tarumbeta. Akakivunja, akakitumbukiza chooni. Kwa siku mbili alipita kwenye mahindi nyuma ya jiko ili asipitie getini, ambako kulikuwa na mashine ya kunusa pumzi, na usiku alimgeuzia Gaudensia mgongo akidai anaumwa jino. Siku ya tatu kijiti kilitoka cheupe. Akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mchana wa siku hiyohiyo Gaudensia alianguka karakana, mkono wake ukiwa bado umeshika bomba alilokuwa akilipima. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya zambarau.

*

Afisa wa Pumzi wa wilaya aliitwa Bwana Tawete, mtu mwembamba, mpole, aliyependa kuwaita wanafunzi wanangu. Aliwakusanya bwaloni. Gaudensia alikuwa hospitali, akisaidiwa kupumua na chombo kisichoweza kumfikisha wiki. Barakoa yake ilikuwa mezani ndani ya kisanduku cha kioo.

Bwana Tawete alisema kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuona kovu la namna ile. Makovu mengine huota upande wa nje, madogo madogo, mtu akikukoholea au akisogea sana. Hili lilikuwa limeota upande wa ndani na limetanda utando mzima. "Ni kama kijana huyu alikuwa akiishi ndani ya barakoa ya binti huyu," alisema, na bwalo zima likaangua kicheko, kwa sababu kila mtu alishajua ni nani. Kikoti mwenyewe alisimama akainama kama msanii aliyemaliza wimbo. Kicheko kilidumu mpaka wakaona kwamba Bwana Tawete hacheki, ndipo kikafa kidogo kidogo kuanzia meza za mbele.

Wanafunzi kadhaa walisimama kumweleza habari ya utani. Wakamweleza foleni ya uji, kipande cha kiazi, na kwamba kijana yule amevaa barakoa za Wangoni karibu wote na hakuna mwingine aliyeugua. Kijiti cha Kikoti kilikuwa cheupe, wakasema. Bwana Tawete aliwasikiliza mpaka mwisho. Alikubali kwamba kijiti ni cheupe, lakini kijana huusafisha ugonjwa kwa siku mbili tatu, kwa hiyo weupe wake si ushahidi wa chochote. Sheria ilisema pumzi ngeni iliyoganda zaidi ndiyo yenye kosa, na waliotunga sheria hawakufikiria kwamba kuna watu nchini wanaovaliana barakoa kwa furaha.

"Mimi mwenyewe ni Mngoni, wanangu," alisema. "Nina watani wangu Iringa ninaowapenda. Lakini sheria haina mtani."

Halafu akafanya kile kilichotakiwa kufanywa kabla ya mtu kulazwa. Aliuliza, kama padri anavyotangaza ndoa, iwapo yupo mwenye neno. Kama kuna mwingine yeyote aliyekaa na Gaudensia uso wazi siku zile, aseme sasa. Kinywa chake kitatosha, kovu halitahitajika, na Kikoti atakwenda zake. Akauliza mara ya kwanza, akangoja. Akauliza mara ya pili.

Kolumba alikuwa amekaa benchi la tatu. Na hapa tusimtafutie maneno matamu: hakuchanganyikiwa, hakusahau, wala hakushindwa kuelewa. Alipiga hesabu. Aliutazama mgongo wa Kikoti, mpana, mgongo wa beki wa timu ya chuo, akajiambia kwamba kifua kile kinaweza kubeba watu wawili na kubaki na akiba, ilhali cha kwake kingevunjika kama cha Otmari, kwani ni damu moja. Akajiambia pia kwamba Gaudensia anahitaji mapafu mazuri, na mapafu mazuri ni ya Kikoti, kwa hiyo kunyamaza kwake ni kumsaidia Gaudensia. Hoja hiyo ya mwisho ilimfurahisha kwa jinsi ilivyokaa sawa. Bwana Tawete akauliza mara ya tatu, na Kolumba akatazama mikono yake.

"Basi, mtani wangu kaishiwa pumzi, nitampa," Kikoti alisema, akivua koti lake. "Ila mjue, akiamka atakuwa anapenda nyama ya mbwa. Msije mkanidai."

Walicheka tena, safari hii kwa nguvu zaidi, kwa sababu walitaka sana iwe ni mchezo. Kolumba naye alicheka.

*

Kolumba alikwenda hospitali siku ya nne tangu Kikoti alazwe. Alijiambia anakwenda kumwona Gaudensia.

Gaudensia alikuwa amelala usingizi wa dawa, midomo imerudi rangi yake. Upande wa pili wa mirija alilala Kikoti, macho wazi, kifua kikipanda na kushuka kwa shida. Hakuwa na barakoa. Kwenye Ubavu hazivaliwi. Nesi, mama mnene aliyekuwa akibadilisha chupa, alimwambia Kolumba kwa sauti ya chini kwamba binti anapata nafuu kwa kasi, lakini unga unahamia kwa kijana. Kwa wengine hutokea hivyo. Bado mtu mwingine angeweza kuchukua nafasi yake, alisema, jina likipatikana leo. Kesho mapafu yake yatakuwa yamezoea damu ya binti na hataweza kutolewa bila kufa. Akaondoka na chupa zake, akawaacha.

Kikoti alimtania kwanza, kama kawaida, akamuuliza kama amemletea panya wa kukaanga. Kolumba akamjibu kwamba panya wote wamekimbia baada ya kusikia Mhehe anapumua kwa ajili ya Mngoni. Kicheko cha Kikoti kikageuka kikohozi kirefu. Mirija ilitikisika, na kengele ndogo ikalia mpaka alipotulia. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa nyembamba, na haikuwa ya utani.

"Mtani, nikuulize kitu. Wewe unakaa naye. Siku zile, alikuwa na mtu mwingine? Mtu yeyote, uso wazi?"

Kolumba aliitazama mirija.

"Sijali kifua," Kikoti aliendelea. "Mama yangu anasema kifua changu ni cha ng'ombe. Ila nikimtazama huyu hapa, nawaza kwamba nilimfanya hivi kwa mchezo, kwa kutaka watu wacheke, na usingizi haunijii. Kama ni mtu mwingine, niambie tu. Sitamtaja. Nitaendelea kulala hapa hapa. Nataka tu kujua kwamba si mimi."

Angeweza kumpa. Hapo ndipo ninapomshika Kolumba na kukataa kumwachia, kwani ile ya bwaloni ilikuwa hofu, na hofu mtu anaweza kuielewa. Kijana yule hakuomba kuinuliwa kitandani. Aliomba neno moja, na alikuwa ameahidi kulitunza, na Kolumba alimjua kuwa ni mtu wa kutunza neno. Lakini Kolumba aliwaza kwamba mtu mwenye homa huropoka, na nesi alikuwa mlango wa pili.

"Hapana," alisema. "Hakukuwa na mwingine."

Kikoti alifumba macho. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea chenji aliyoitarajia.

"Haya. Basi ni mimi."

"Amekusamehe," Kolumba akaongeza, akidhani anamfariji. "Najua angekusamehe."

Aliushika mkono wake mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha. Njiani kurudi alinunua karanga akazila zote, akashangaa kwamba ana njaa.

Kikoti alifariki Jumapili, wakati wenzake wakiwa kanisani. Unga ulikuwa umejaa mapafu yake yote mawili, lakini mashine haikuzimwa mpaka daktari alipothibitisha kwamba Gaudensia anapumua mwenyewe, kwani ndivyo sheria ilivyotaka. Gaudensia alipozinduka alimkuta Kolumba kando ya kitanda. Aligeuza kichwa kuuangalia upande wa pili, ulikuwa umeshatandikwa shuka safi. Akauliza ni nani, akaambiwa. Akauliza kwa nini, akaambiwa barakoa ndiyo iliyosema. Alimtazama Kolumba muda mrefu, kisha akaomba maji. Habari ya dagaa haikutajwa siku ile, wala siku iliyofuata.

*

Walimzika kwao Ifunda, mkoa wa Iringa, kwenye shamba la baba yake mdogo, na chuo kikatoa basi. Wangoni walijaa basi zima. Msiba wa Mhehe bila watani ni msiba wa yatima, na watani wa marehemu walikuwa wao. Walipofika walisalimia kamwene, salamu ya Kihehe, kwa lafudhi mbaya ya makusudi, wakawapora wachimbaji majembe, na mmoja wao akashuka kaburini akajilaza, akisema safari imemchosha na hatoki mpaka achinjiwe kuku. Wafiwa walianza kucheka. Watu walikuwa wametawanyika shambani kwa kuogopana, kila mmoja na barakoa yake, na kicheko ulikijua kwa jinsi zile tando zilivyovimba na kunywea kwenye nyuso zao. Bwana Tawete alikuwepo, kwa heshima ya ofisi yake. Gaudensia aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini.

Mama yake Kikoti alitoka ndani akiwa ameshikiliwa na wanawake wawili. Alikuwa mama mrefu mwenye mdomo mpana uleule wa mwanawe. Ulionekana hata nyuma ya barakoa. Aliuliza ni nani kati yao aliyekuwa mtani wa mwanawe hasa, yule aliyekuwa akimtaja kwenye simu kila Jumapili. Vidole vyote vikamwelekea Kolumba.

"Njoo, mwanangu," mama alisema. "Nionyeshe alivyokuwa huko kwenu. Nimeambiwa alikufa vibaya. Mimi nataka kuona alivyoishi."

Akamkabidhi kofia ya Kikoti. Kisha akafungua kibakuli cha plastiki chenye kitambaa kibichi, na humo mlikuwa na barakoa ya marehemu. Alikuwa akiinyunyizia maji kila siku tangu iletwe. Ukungu bado ulikuwa hai, alisema, na yeye hakuwa na moyo wa kuuacha ufe.

Kolumba aliivua ya kwake akaivaa ile. Ilikuwa baridi, halafu ikaanza kupata joto. Aliinamisha kofia jichoni kama Kikoti. Akanyata kati ya watu kama Kikoti, akajishika kiuno, akatangaza kwa sauti nyembamba kwamba amesikia harufu ya panya. Wenzake wakapiga mayowe ya furaha. Mama alijipiga mapaja, machozi yakimtiririka, akasema ni yeye, ni yeye kabisa. Kolumba akalizunguka jeneza, na alipokuwa akizunguka alihisi ule utando ukimshika mashavuni, ukiinywa pumzi yake kwa uchu wa kitu kilichokaa na njaa siku nyingi, na kitu fulani ndani yake kikachoka kubeba.

Alisimama kichwani pa jeneza.

"Mwenye neno na aseme," alisema kwa sauti ya Bwana Tawete, na Wangoni waliomjua Tawete wakavunjika mbavu. "Mimi ninalo. Ndugu wafiwa, mnamlilia mtu asiye na kosa. Huyu hakumwambukiza mtu. Mimi ndiye niliyekuja na homa kutoka kwetu. Nilikula na Gaudensia sahani moja, uso wazi, kijiti changu kikawa cha bluu, nikakitupa chooni. Nilimwacha alazwe yeye. Aliniuliza, nikamdanganya. Mimi ndiye niliyemuua."

Kisha baba mdogo wa Kikoti, mzee mwenye fimbo, akapiga fimbo chini.

"Andikeni tarehe," alisema. "Leo Mngoni kakiri."

Shamba zima likalipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakachuchumaa. Wanawake walipiga vigelegele. Bwana Tawete alishika mbavu zake, mabega yakitikisika, kwani miaka yote ile kazini hakuna aliyekuwa amemwiga vizuri namna hiyo.

"Sifanyi utani," Kolumba alisema, na sauti ikamkatika. "Nawaapia kwa Mungu, sifanyi utani."

Hilo ndilo neno ambalo kila mtani mzuri hulisema msibani, na alikuwa amelisema vizuri kuliko wote waliowahi kufika Ifunda. Alilia, wakawaonyesha wenzao machozi yake yalivyo ya kweli. Akageuka akamtafuta Gaudensia, mtu pekee duniani aliyeijua ladha ya wale dagaa.

Gaudensia hakuwa akicheka. Alikuwa amemkazia macho, mikono imeshika blanketi, na kifua kilichokombolewa na Kikoti kikipanda na kushuka bila shida yoyote. Alikuwa anajua. Huenda alijua tangu siku ile aliyoomba maji. Mwanamke aliyesimama nyuma ya kiti chake alimwinamia kuona kwa nini hacheki, na jirani yake naye akaangalia. Gaudensia aliwaona wanavyomwangalia. Basi akaanza kucheka, polepole kwanza, kisha kwa nguvu kama wengine, utando wake ukivimba na kunywea.

Mama yake Kikoti alimkumbatia Kolumba mbele ya watu wote, ingawa kukumbatiana kulikuwa kumekatazwa.

"Sikudhani ningecheka leo," alimwambia. "Umenipa mwanangu, japo kidogo. Mungu akubariki."

Halafu, kwa kuwa mtani aliyewachekesha wafiwa ndiye anayepewa heshima ya kwanza, akamtia jembe mkononi, na Kolumba akaanza kufukia.